Kitoda au Kikurukh? Ulinganisho kwa Anayechagua Lugha ya Kabila la Kidravidi ya Kutafiti

Mwanafunzi wa isimu anayefikiri kwa Kiswahili na anayetafuta lugha ya mbali ya kulinganisha na za kwao atafanya vyema kuelekea India, kwenye familia ya Kidravidi. Lugha za familia hiyo, kama zilivyo za Kibantu, hujenga neno kwa kupachika viambishi ambavyo kila kimoja kina kazi yake, ila karibu vyote huvipachika nyuma ya mzizi, pale ambapo Kiswahili kingeviweka mbele. Anayeanza kwa kawaida huelekezwa kwenye Kitamil, Kitelugu, Kikannada au Kimalayalam, lugha nne zenye maandishi ya karne nyingi na mamilioni ya wasemaji. Ni ushauri mzuri kwa anayetaka kusoma fasihi. Kwa anayetaka kujua sauti na sarufi za familia hii zimefika wapi, nadhani ni bora aanze na lugha za jamii ambazo Katiba ya India huziita makabila yaliyoorodheshwa, kwa kuwa huko ndiko yalikotokea mabadiliko ambayo lugha kubwa hazikuyapata, na ndiko yalikobaki baadhi ya mambo ambayo baadhi ya lugha kubwa zimeyaacha.

Nimezichagua mbili, Kitoda na Kikurukh, kwa sababu zinakaa kwenye ncha mbili za familia hiyo, na kila moja ina utajiri pale ambapo nyenzake ina kidogo. Mwishoni nitataja kwa ufupi Kikui na Kigondi, kwa wale ambao maswali yao hayajibiwi na hizo mbili.

Wapi zinasemwa, na nani anazisema

Kitoda ni lugha ya Watoda, wafugaji wa nyati wa kufugwa wanaoishi kwenye milima ya Nilgiri katika jimbo la Tamil Nadu, kuuzunguka mji wa Udhagamandalam, ulio kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,200. Maziwa ya nyati ndiyo kiini cha ibada yao, na mahekalu yao ni nyumba zile zile wanamosindikia maziwa. Wasemaji hawafiki 2,000. Katika milima hiyo hiyo wanaishi Wakota, mafundi wa chuma na vyungu, pamoja na Wabadaga, ambao ni wakulima, na kila jamii ina lugha yake ya Kidravidi, ingawa kwa vizazi vingi zimekuwa zikibadilishana bidhaa na huduma.

Kikurukh ni lugha ya Waoraon, na sensa ya India ya mwaka 2011 ilihesabu wasemaji wake kuwa karibu milioni 2. Wanapatikana hasa katika majimbo ya Jharkhand, Chhattisgarh, Odisha na West Bengal, na wengine wako Bangladesh na Nepal. Wapo pia Assam, ambako wazee wao walipelekwa katika karne ya 19, wakati wa utawala wa Waingereza, kufanya kazi kwenye mashamba ya chai. Kikurukh kimo katika tawi la kaskazini la familia hii, pamoja na Kimalto cha vilima vya Rajmahal na Kibrahui cha Balochistan nchini Pakistan. Kwa hiyo kimezungukwa na lugha ambazo si za Kidravidi: Kihindi, Kibengali, Kisadri ambacho ndicho lugha ya mawasiliano ya eneo la mji wa Ranchi katika Jharkhand, na Kimundari cha familia ya Kiaustroasia. Tofauti hii ya majirani inaeleza mengi katika yafuatayo.

Sauti: hapa Kitoda hakina mpinzani

Kiswahili kina kimadende kimoja, yaani sauti /r/. Kitoda kina sita. Ncha ya ulimi inaweza kutetemeka karibu na meno, ikatetemeka kwenye ufizi, au ikapindwa nyuma kwanza ndipo itetemeke, na kila moja ya sauti hizo tatu ina mwenzake wa kukaakaishwa, ambao hutamkwa huku sehemu ya kati ya ulimi ikiinuliwa kana kwamba msemaji anataka kutamka /i/. Wanafonetiki Peter Ladefoged na Peri Bhaskararao, wakiwa na wenzao, walivipima vimadende hivi kwa vyombo na kuchapisha matokeo katika miaka ya 1990, kwa kuwa ni nadra sana lugha kutenganisha maneno kwa vimadende vya namna nyingi kiasi hicho.

Vikwamizo vya jamii ya /s/ vinastahili kuangaliwa kwa karibu zaidi. Kiswahili kinatenganisha s na sh, basi. Kitoda kinatenganisha sauti nne, zote zikiwa hazina ghuna, yaani hutamkwa bila nyuzi za sauti kutetemeka. Ya kwanza hutamkwa kwa bapa la ulimi karibu na meno, na ndiyo iliyo mwishoni mwa neno kōs, lenye maana ya fedha. Ya pili hutamkwa kwa ncha ya ulimi ikigusia ufizi, kama katika pōs̠, yaani maziwa. Ya tatu inafanana na sh yetu, kama katika pōš, lugha. Ya nne hutamkwa kwa kuupinda ulimi hadi upande wake wa chini uelekee kaakaa gumu. Msikilizaji wa Dodoma au Nairobi, hata akisikiliza kwa makini, mara ya kwanza atazisikia sauti mbili za mwanzo kama sauti moja, na mbili za mwisho kama nyingine moja. Mtoto wa Kitoda hawezi kuzichanganya, kwa sababu akichanganya atakuwa amesema neno jingine.

Linalonivutia zaidi ni asili ya sauti hizi. Linganisha pāl ya Kitamil, maziwa, na pōs̠ ya Kitoda. Kisha linganisha kāsu ya Kitamil, fedha, na kōs. Katika jozi zote mbili ā imegeuka ō. Lakini s ya neno la fedha imetokana na s, wakati s̠ ya neno la maziwa imetokana na l. Zaidi ya hapo, irabu ya mwisho ya kāsu imedondoka kabisa. Sheria hizi chache, zikirudiwa katika msamiati mzima, ndizo zilizoipa lugha sauti ambazo lugha mama, yaani ile lugha ya kale ambamo familia yote ya Kidravidi imechipuka, haikuwa nazo, na mwanafunzi anaweza kuzifuatilia jozi baada ya jozi akiwa na kamusi ya asili za maneno ya Kidravidi iliyotungwa na Thomas Burrow na Murray Emeneau, iliyotoka mwaka 1961 na kupanuliwa mwaka 1984.

Irabu nazo zimezidi. Lugha mama ilikuwa na irabu tano fupi na tano ndefu. Kitoda kina nane fupi na nane ndefu, na miongoni mwake zimo za mbele zinazotamkwa huku midomo ikiviringwa, sauti ambazo si za kawaida kabisa katika familia hii. Irabu za silabi za baadaye zilipokuwa zikififia ziliacha alama yake kwenye irabu ya silabi ya kwanza. Kwa kuwa mwisho wa maneno umemegwa kwa namna hiyo, neno la Kitoda mara nyingi huishia na konsonanti, tena wakati mwingine konsonanti zilizorundikana, jambo ambalo mzungumzaji wa Kiswahili, aliyezoea kila silabi ifungwe kwa irabu, atalihisi kinywani siku ya kwanza.

Kuna vitambaza viwili vya kukwamiza, yaani sauti za jamii ya /l/ zinazopulizwa bila mtetemo wa nyuzi za sauti. Msomaji aliyewahi kusikia Kiiraqw cha Mbulu anaijua ya kwanza, kwani ndiyo inayoandikwa sl katika lugha hiyo. Ya pili hutamkwa ulimi ukiwa umepindwa nyuma, na ni lugha chache mno duniani zinazoitumia.

Ukihamia Kikurukh baada ya hapo, masikio yanapumzika. Irabu ni tano za kawaida, fupi na ndefu, pamoja na zile za king'ong'o zinazopitisha hewa puani. Sauti inayokitambulisha ni x, ile kh ambayo watu wa pwani huitamka katika kheri na khofu. Ilitokana na k ya zamani, isipokuwa pale k ilipotangulia irabu i, ambako ilibaki ilivyokuwa. Jicho ni kaṇ kwa Kitamil, xann kwa Kikurukh, qanu kwa Kimalto, na xan kwa Kibrahui. Kwa mfano huo mmoja tu mtu anaona tawi zima la kaskazini likisimama pamoja. Kuna pia kizuio cha glota, yaani hewa kukatwa ghafla kooni, ambacho huonyeshwa kwa alama ya ritifaa, na kuna konsonanti zenye mpumuo, yaani zinazofuatwa na pumzi ya kusikika, zilizoingia kwa wingi pamoja na maneno ya majirani wasio Wadravidi. Anayezungumza Kimvita ana mtaji tayari, maana lahaja yake inatenganisha t ya meno na t ya ufizi, tena inatumia mpumuo kutofautisha maneno. Kikurukh kitamdai tu aisogeze t ya pili nyuma zaidi.

Sarufi: mizani inaelemea Kikurukh

Katika upatanisho wa kisarufi, hali inageuka kabisa. Kitoda kimepoteza jinsia ya kisarufi, kama kilivyofanya Kibrahui, kwa hiyo kiwakilishi na kitenzi cha nafsi ya tatu havimwambii msikilizaji kama anayezungumziwa ni mwanamume, mwanamke au kitu. Mzungumzaji wa Kiswahili, ambaye yeye yake haina jinsia, hatapata shida wala hatapata jambo jipya la kuchunguza. Kinachobaki kigumu katika Kitoda ni umbo la kitenzi: kila kitenzi kina mashina mawili, na sauti zimelika kiasi kwamba mpaka kati ya shina na kiambishi hauonekani kwa urahisi kama katika Kitamil. Anayependa viambishi vinavyohesabika kwa kidole atachoka mapema.

Kikurukh kimehifadhi jinsia katika mpangilio unaomshangaza kila anayetoka kwenye ngeli za Kibantu. Katika umoja, ās ni yule mwanamume, na ād ni yule mwanamke, mnyama au kitu. Katika wingi mpaka unahama: ār ni wale watu, wanaume kwa wanawake, na visivyo watu vinabaki peke yake. Ndiyo kusema mwanamke akiwa mmoja anapatanishwa kama mti, na wakiwa wengi wanapatanishwa kama wanaume. Si vyema kukimbilia kuusoma mpangilio huu kama hukumu juu ya wanawake wa Kioraon. Kitelugu kina mgawanyo wa namna hiyo hiyo, na wapo wataalamu, Bhadriraju Krishnamurti akiwa mmoja wao, wanaouona kuwa urithi kutoka lugha mama.

Angalia sasa kitenzi cha kuja, chenye mzizi bar-, katika wakati uliopo:

ēn bardan, mimi naja
nīn barday, wewe waja (akiambiwa mwanamume)
ās bardas, yeye mwanamume yuaja
ād bar'i, yeye mwanamke, au kitu, yuaja
ēm bardam, sisi twaja, wewe tunayesema nawe humo
nām bardat, sisi twaja, na wewe umo
nīm bardar, ninyi mwaja
ār barnar, wao waja

Nafsi zimekaa mwishoni kabisa, zikitanguliwa na alama ya wakati, kinyume kamili cha ni-na-kuja. Muhimu zaidi ni safu za ēm na nām. Kiswahili kina sisi moja, na anayesikia "tunakwenda sokoni" hulazimika kuuliza kama naye amealikwa. Kikurukh kinamjibu mara mbili, kwanza kwa kiwakilishi, kisha kwa tamati ya kitenzi. Kitoda nacho kina utofautisho huo wa sisi mbili katika viwakilishi, na hapo lugha hizi mbili zilizo mbali zinakutana, wakati Kikannada cha leo kimeuacha.

Kisha kuna jambo ambalo, kwa maoni yangu, linatosha peke yake kumfanya mtu achague Kikurukh. Umbo bardan hutumiwa na mwanamume akizungumza na yeyote, na hutumiwa na mwanamke akizungumza na mwanamume. Mwanamke akizungumza na mwanamke mwenzake husema bar'en. Katika nafsi ya pili, mwanamume huambiwa barday. Mwanamke akiambiwa na mwanamume husikia bardī. Na mwanamke akiambiwa na mwanamke husikia bardin. Kwa hiyo kitenzi kinabeba habari za watu wawili, anayesema na anayeambiwa, jambo ambalo ngeli zote za Kibantu hazilifanyi. Francis Ekka alilieleza jambo hili katika makala ya mwaka 1972, na tangu hapo hurejelewa mara kwa mara na wanaosoma uhusiano wa lugha na jinsia. Mtafiti wa leo angeweza kuuliza mengi juu yake: je, mabinti waliokulia Ranchi au Kolkata bado hutumia bar'en, na je, huitumia kwenye ujumbe wa simu, ambako mwandikaji haonekani?

Nomino za Kikurukh nazo zimepangika vizuri. Ālas ni yule mwanamume na ālar ni wanaume au watu. Ukitaka kusema kitu ni chake unaongeza gahi, ukitaka kusema amepewa unaongeza gē, na ukitaka kutaja mahali kitu kilipo unatumia nū baada ya nomino. Nyumba ya mwanamume ni ālas gahi eṛpā, mmiliki akitangulia na nyumba ikifuata. Mtu aliyeuelewa mpangilio huu ana ufunguo wa sentensi nzima, kwa sababu kitenzi hukaa mwisho na yote yanayokieleza hukitangulia.

Vitabu, rekodi na njia ya kuwafikia wasemaji

Kwa wingi wa kazi bora, Kitoda kina bahati isiyolingana na idadi ya wasemaji wake. W. H. R. Rivers alichapisha kitabu kikubwa juu ya jamii hiyo mwaka 1906. Emeneau, aliyefanya utafiti India kati ya 1935 na 1938, aliandika sarufi yenye matini iliyotoka mwaka 1984, na kabla yake, mwaka 1971, alitoa mkusanyo mkubwa wa nyimbo. Nyimbo hizo ni sababu nyingine ya kukichagua Kitoda: hujengwa kwa vipande vya silabi tatu tatu, na kauli huenda kwa jozi, ya pili ikirudia muundo wa ya kwanza kwa maneno mengine. Mtu aliyelelewa kwenye mizani ya utenzi na shairi atauona ufundi huo mara moja.

Ugumu uko kwa watu wenyewe. Jamii yenye watu wachache hivyo, ambayo serikali ya India inaihesabu miongoni mwa makabila yanayohitaji ulinzi wa pekee, imekwisha kupokea watafiti, wapiga picha na watalii kwa zaidi ya karne moja. Mwanafunzi anayeweza kufanya kazi yake kwa rekodi na maandishi yaliyopo ana wajibu wa kuanza na hayo, na asipande mlimani hadi awe na swali ambalo rekodi haziwezi kulijibu. Atahitaji pia Kitamil kama lugha ya kati.

Kwa Kikurukh, sarufi ya Ferdinand Hahn ya mwaka 1900 ni kongwe lakini bado inasomeka, ingawa inakilazimisha mara kadhaa kuingia katika kalibu za sarufi ya Kilatini, na msomaji anapaswa kuipima dhidi ya kazi za baadaye. Faida kubwa ya Kikurukh ni kwamba kina wasemaji wanaokisoma na kukiandika. Hufundishwa katika Chuo Kikuu cha Ranchi, huandikwa kwa hati ya Devanagari, na pia kina hati yake, Tolong Siki, iliyobuniwa na daktari Narayan Oraon na kutangazwa mwaka 1999. Hati hiyo iliingizwa katika Unikodi, mfumo wa kimataifa wa herufi za kompyuta, mwaka 2025, kwa hiyo sasa inaweza kuandikwa kwenye kompyuta na simu kwa namna inayotambulika kila mahali. Mtafiti anaweza kufanya kazi pamoja na walimu na waandishi wa Kioraon, wenye maswali yao wenyewe kuhusu lugha yao, na hilo kwangu lina uzito kuliko wingi wa vitabu. Kihindi kidogo kitamtosha kuanza.

Basi, ipi?

Kama kazi yako ni fonetiki, una sikio lililofunzwa na una programu ya kuchambua mawimbi ya sauti, chagua Kitoda bila kusita. Chagua Kitoda pia ukitafiti mabadiliko ya kihistoria ya sauti au ushairi wa mapokeo. Katika hali nyingine zote, yaani upatanisho, viwakilishi, lugha na jinsia, lugha zinapokutana, au uandishi wa lugha iliyochelewa kuandikwa, chagua Kikurukh. Na kama hujui bado swali lako ni lipi, chagua Kikurukh vilevile, kwa sababu hakitakuzuia mlangoni kwa sauti usizoweza kuzisikia, na utaweza kufika kwenye sarufi ndani ya muhula mmoja.

Wapo ambao hakuna kati ya hizi itakayowafaa. Anayetafiti yambwa katika kitenzi, yaani jambo linalolingana na -ni- na -ku- katika ananipenda na anakupenda, aende Odisha kwenye Kikui, ambacho sensa ya 2011 ilikihesabia wasemaji zaidi ya 900,000. Lugha nyingi za Kidravidi hazioneshi yambwa ndani ya kitenzi, lakini Kikui na jirani zake wa karibu hubadilisha shina la kitenzi pale yambwa inapokuwa ya nafsi ya kwanza au ya pili. Ulinganisho wake na Kiswahili ungeweza kujaza tasnifu nzima.

Na anayependa lahaja na ramani asikipite Kigondi, chenye wasemaji karibu milioni 3 waliotawanyika Madhya Pradesh, Chhattisgarh, Maharashtra na Telangana. Humo s ya mwanzo wa neno imebaki s katika lahaja za kaskazini na magharibi, imekuwa h katika nyingine, na imetoweka kabisa kuelekea kusini, kwa hiyo chumvi huitwa sovar, hovar au ovar kutegemea umesimama wapi. Badiliko hilo halikuyagusa maneno yote kwa wakati mmoja, na ndiyo maana mtafiti wa Kigondi anapaswa kukusanya orodha ndefu ya maneno kutoka vijiji vingi badala ya kumhoji msemaji mmoja kwa kina.